Sura ya Nne: Anayekuuzia Ndiye Mshindani Wako

Mwishoni mwa Novemba 2000, watoa huduma wa intaneti wa Kenya, kupitia chama chao cha TESPOK, walileta laini zao mahali pamoja jijini Nairobi na kuziunganisha kwenye swichi moja. Kituo hicho walikiita KIXP. Kwa fundi wa mitandao hakikuwa kitu cha ajabu. Kwa mfuko wa mteja kilikuwa kitu kikubwa, maana hadi wakati huo barua pepe iliyotoka ofisi moja ya Westlands kwenda ofisi nyingine ya Industrial Area, iwapo ofisi hizo zilihudumiwa na kampuni mbili tofauti, ilipanda setilaiti, ikashuka Ulaya au Marekani, ikapokezanwa huko, kisha ikarudi Nairobi kwa setilaiti tena. Safari hiyo ililipiwa kwa dola, kwenda na kurudi. Na data ya namna hiyo haikuwa kidogo: takriban asilimia 30 ya data iliyopandishwa kutoka Kenya ilikuwa inawaendea watu waliomo Kenya.

Hazikupita wiki mbili kituo kikaamriwa kifungwe.

Telkom Kenya ilikuwa imepeleka malalamiko kwa Tume ya Mawasiliano, CCK. Ilidai kwamba sheria imeipa yenyewe peke yake haki ya kusafirisha data ya kimataifa, na kwamba KIXP inaiingilia haki hiyo. Tume ikaamua kuwa kituo ni mtambo wa mawasiliano usio na leseni. Hoja hiyo inafaa isomwe mara mbili: swichi iliyozuia data isitoke nchini ilishtakiwa kwa kuvunja haki ya kuitoa nchini. Watoa huduma walikata rufaa. Walisema kituo hakimuuzii mtu wa nje chochote, ni mahali ambapo wenyewe kwa wenyewe wanapokezana data ya wateja wao. Mwaka mzima ukapita katika barua, vikao na mawakili. Leseni ilitoka Novemba 2001, na Februari 2002 kituo kikawashwa upya kikiwa na watoa huduma 5.

Vipimo vya wiki mbili za kwanza bado vinanisisimua kila ninapovirudia. Muda wa data kufika na kurudi ulishuka kutoka milisekunde 1,200 hadi 2,000 ukawa 60 hadi 80. Gharama ya mwezi ya laini ya kilobiti 64 kwa sekunde, kwa data ya humu nchini, ilitoka dola 3,375 ikafika 200. Laini ya kilobiti 512 ilitoka dola 9,546 ikafika 650. Hakuna mkongo mpya uliokuwa umetandazwa wala setilaiti mpya iliyorushwa. Kilichobadilika ni kwamba data ya jirani kwa jirani ilipata njia isiyopita kwenye lango la mtu mmoja.

Telkom haikulalamika kwa kutojua teknolojia. Iliijua vizuri. Sheria ya Mawasiliano ya 1998 ilikuwa imelivunja shirika la zamani la posta na simu, KPTC, na mwaka uliofuata zikazaliwa taasisi tatu: Telkom, Posta na tume yenyewe. Telkom ilipewa miaka 5 ya kuwa peke yake kwenye uti wa mgongo wa mawasiliano na kwenye lango la kimataifa, muda ambao ungeisha katikati ya 2004. Lango hilo la intaneti liliitwa Jambonet. Leseni za kutoa huduma ya intaneti zilitolewa kwa makampuni mengi, na kwenye karatasi Kenya ilikuwa na soko la ushindani. Lakini washindani wote hao walinunua bidhaa moja kutoka kwa muuzaji mmoja, na kila kilobiti waliyoacha kuinunua ilipunguza mapato yake. Ukiitazama hesabu kutoka upande wa Telkom, KIXP ilikuwa tishio kweli.

Hapo ndipo msimamo wangu katika sura hii unapoanzia. Tumezoea kupima ushindani wa intaneti kwa kuhesabu leseni: nchi hii ina watoa huduma 20, ile ina 100. Hesabu hiyo haisemi lolote kama hatujauliza watoa huduma hao wananunua wapi kile wanachokiuza, kwa bei gani, na kama anayewauzia naye ana wateja wa nyumbani anaowataka kwa hamu ile ile. Mwenye duka la jumla anapofungua duka la rejareja mlango wa pili, wachuuzi wanaochukua mzigo kwake wanajua mapema mwezi utakavyoisha. Katika intaneti hali hii haionekani kwa macho, na ndiyo sababu huwa inadumu.

Panda juu ya paa la jengo la ghorofa saba kule Pipeline, Embakasi, utaiona biashara ya mtoa huduma mdogo ilivyo. Kuna mlingoti wa chuma uliofungwa kwa nyaya kwenye tangi la maji, na juu yake dishi dogo linaloelekezwa kwenye mnara ulio kilomita chache kutoka hapo. Chini yake kuna kisanduku cha plastiki chenye ruta, swichi na betri ya kuvumilia umeme ukikatika. Kutoka kwenye kisanduku nyaya zinashuka kwenye kuta za nje, zinaingia madirishani, chumba kwa chumba. Mteja analipa kwa simu, kwa wiki au kwa mwezi. Ikinyesha na kiunganishi kikaingia maji, kijana wa mtaa huo huo anapanda ngazi usiku kurekebisha, maana mteja ana namba yake na anajua anapokaa.

Vitu vyote vinavyoonekana kwenye paa hilo ni vya mtoa huduma mdogo. Visivyoonekana si vyake. Nafasi kwenye mnara anakodi. Laini ya kutoka mnarani hadi kituo cha data anakodi. Data ya kimataifa ananunua. Kebo ikipita hewani, nguzo anakodi kwa kampuni ya umeme, na jengo lenyewe lina mwenyewe anayetaka chake. Ufundi wake, adabu yake kwa wateja na kuwahi kwake kurekebisha ni sehemu ndogo ya gharama. Sehemu kubwa inapangwa na watu ambao hana uwezo wa kuwahama.

Tufanye hesabu ya kubuni, kwa namba nyepesi. Tuseme kampuni kubwa inauza kifurushi cha nyumbani kwa shilingi 2,500 kwa mwezi. Kampuni hiyo hiyo inamkodisha mtoa huduma mdogo njia ya kuifikia nyumba ile ile kwa 1,900. Mdogo anaongeza 300 za data ya kimataifa, 100 za nguzo na 250 za fundi, simu na ofisi. Jumla ni 2,550. Akiuza kwa bei ya mkubwa, anapoteza shilingi 50 kwa kila nyumba, na akizidisha bidii akapata wateja wengi, hasara inakua pamoja nao. Hakuna aliyemnyima huduma. Mkataba upo, bei imeandikwa, barua zinajibiwa kwa heshima. Amebanwa katikati ya bei mbili zinazopangwa na mtu mmoja. Msimamizi wa soko anayeangalia bei ya rejareja peke yake ataona mteja anafaidi, hadi siku mdogo atakapofunga na ile 2,500 ikaanza kupanda.

Bei si njia pekee ya kubana. Ombi la laini linaweza kukaa wiki sita mezani, ilhali wateja wa kampuni yenyewe wanaunganishwa kwa siku tatu. Fundi wa mwenye mtandao anaweza kufika kwenye hitilafu ya mteja wa mdogo baada ya kumaliza zote za kwake. Waingereza walilikabili jambo hili moja kwa moja. BT, kampuni yao kubwa ya simu, ilikuwa na waya wa shaba ulioingia karibu kila nyumba, na kwa miaka kadhaa sheria iliyoilazimisha kuwafungulia wengine waya huo ilizaa matunda machache. Mwaka 2005 BT ilikubaliana na msimamizi, Ofcom, kuanzisha kitengo kinachojitegemea, Openreach, kilichoanza kazi Januari 2006. Kitengo hicho kilitakiwa kuwauzia washindani bidhaa zile zile, kwa bei ile ile, kwa utaratibu na muda ule ule unaotumika kwa BT yenyewe. Kufikia mwisho wa 2008, laini zilizofunguliwa kwa washindani zilikuwa zimepita milioni 5.

Pwani yetu nayo ilikuwa na mjadala wake mkali, ingawa hausimuliwi sana. Kabla ya 2009, Afrika Mashariki haikuwa na mkongo wa baharini hata mmoja wa kuiunganisha na dunia. Mpango wa EASSy, mkongo wa takriban kilomita 10,000 kutoka Port Sudan hadi Mtunzini huko Afrika Kusini, ulianza kuzungumzwa mwaka 2003, na swali lililouchelewesha halikuwa la kihandisi. Makampuni ya simu yalitaka umoja wa wenye hisa, kila mmoja akishika lango la nchi yake. Wengine, wakiwemo wafadhili wa maendeleo na baadhi ya serikali, waliitazama Afrika Magharibi na kushtuka. Huko mkongo wa SAT-3 ulikuwa umeanza kazi mwaka 2002 kwa mtindo huo huo wa umoja wa wenye lango, na katika nchi nyingi bei haikushuka kwa miaka, kwa sababu mwenye lango hakuwa na sababu ya kuishusha. Mkongo ulikuwepo baharini, na mtoa huduma mdogo aliendelea na setilaiti.

Suluhu iliyopatikana ni kampuni ya WIOCC, inayomilikiwa na makampuni ya simu ya nchi mbalimbali za Afrika na kukopeshwa na benki za maendeleo, kwa sharti kwamba lazima imuuzie kila mwenye leseni bila upendeleo. Kenya haikungoja. Serikali ya Mwai Kibaki, ikisukumwa na katibu wa kudumu wa wizara ya habari, Bitange Ndemo, ilijenga TEAMS, mkongo wake kutoka Fujairah hadi Mombasa, kwa ubia wa serikali na makampuni kadhaa ya mawasiliano. Juni 2009 Kibaki aliuzindua Fort Jesus. Tarehe 23 Julai mwaka huo huo SEACOM, mkongo wa wawekezaji binafsi, ukaanza kazi, na EASSy ukafuata katikati ya 2010.

Ndani ya mwaka mmoja hivi Mombasa ilikuwa na milango mitatu yenye wenyewe watatu tofauti. Ninaona hilo ndilo jambo lenye faida kubwa kuliko yote yaliyowahi kufanyika katika intaneti ya ukanda huu, na ninasisitiza idadi: mitatu. Mkongo mmoja, hata uwe mpana namna gani, ungetuacha pale pale tulipokuwa na Jambonet. Uwezo uliouzwa kwa maelfu ya dola kwa megabiti moja kwa mwezi ulianza kuuzwa kwa mamia, na haukuishia hapo. KIXP nayo ilipata uhai mpya, maana data ilipokuwa nafuu makampuni ya nje yalianza kuleta seva zao karibu. Mwaka 2012 kilele cha data kituoni kilikuwa gigabiti 1 kwa sekunde. Mwaka 2020 kilikuwa 19, na sehemu ya data iliyopokezanwa humu nchini ilikuwa imepanda kutoka asilimia 30 hadi 70.

Bahari ilipofunguka, lango lilihamia nchi kavu. Kutoka Mombasa hadi Nairobi njia ni nyingi. Kutoka Nairobi hadi Lodwar au Wajir si nyingi. Tanzania ilijibu swali la nchi kavu kwa Mkongo wa Taifa, uliojengwa kwa mkopo wa China kuanzia 2009 na kufika hadi mipaka ya Rwanda, Burundi, Zambia na Malawi. Uendeshaji ulikabidhiwa TTCL, kampuni ya simu ya serikali. Kwa ramani ya nchi kubwa kiasi kile, yenye watu waliotawanyika, nakubali kwamba hakuna mwekezaji binafsi ambaye angefika Sumbawanga kwa hiari yake miaka ile. Lakini TTCL pia inauza intaneti majumbani na maofisini. Mtoa huduma wa Mwanza anayekodi uwezo kwenye Mkongo wa Taifa anakodi kwa mshindani wake, na ulinzi alio nao ni kanuni za TCRA, msimamizi wa mawasiliano nchini humo, kuhusu kufikiwa na kushirikiana kwa miundombinu, pamoja na ujasiri wa wanaozisimamia. Ningependa kuona vitabu viwili vya hesabu: cha mkongo peke yake, na cha huduma za wateja peke yake, vyote vikichapishwa.

Kuna wanaosema jawabu ni kuwa na mtandao wa jumla tupu, usiouza rejareja kabisa. Mimi pia huvutwa na wazo hilo, na kwa sababu hiyo Rwanda inastahili kutazamwa kwa makini. Mwaka 2013 serikali ya Rwanda iliingia ubia na kampuni ya simu ya KT ya Korea Kusini, na mwaka uliofuata kampuni yao, KTRN, ikazindua mtandao wa 4G wa kuuza kwa jumla pekee, ikiwa na haki ya kuwa peke yake kwa miaka 25. MTN, Airtel na watoa huduma wadogo wote walitakiwa kununua kwake. Mtandao ulijengwa vizuri: kufikia 2018 ulifikia zaidi ya asilimia 90 ya watu. Watumiaji hawakuja kwa wingi uliotarajiwa. Makampuni makubwa ya simu yalikuwa na 3G yao yenyewe, ambayo yalikuwa yamekwisha kuilipia, na kila mteja aliyehamia 4G alimaanisha bili mpya kwa KTRN. Kwa nini wamsukume mteja huko? Na KTRN, ikiwa haina mshindani, haikuwa na wa kuikumbusha kwamba bei ya jumla ikizidi, rejareja hulala. Mwishoni mwa 2022 serikali ilibadilisha sera na kuondoa upekee huo, na mwaka 2023 MTN ikapata leseni ya 4G yake.

Kwa hiyo kutenganisha jumla na rejareja kunaondoa kishawishi kimoja, cha kumbana mshindani wako. Hakuondoi kishawishi kingine, cha kukaa kwa raha ukiwa peke yako.

Kanada inaonyesha upande wa tatu wa shida hii: hata sheria nzuri ikishakuwepo, bei inaweza kurudi ilikotoka, na mtoa huduma mdogo hana akiba ya kungoja. Huko makampuni makubwa ya simu na ya televisheni ya kebo yanalazimishwa na msimamizi, CRTC, kuwakodisha wadogo laini zao kwa bei anayoipanga yeye. Agosti 2019 CRTC ilipitisha bei mpya zilizo chini sana, na kuagiza fedha zilizotozwa zaidi tangu 2016 zirudishwe. Wadogo walianza kushusha bei kwa wateja wao. Wakubwa walikwenda mahakamani, wakaenda kwa baraza la mawaziri, wakarudi kwa CRTC yenyewe. Tarehe 27 Mei 2021 CRTC ikageuka, na bei kwa sehemu kubwa zikarudi kwenye zile za muda za 2016.

Yaliyofuata ni kama orodha ya matanga. Februari 2022 Bell, mmoja wa wakubwa, iliinunua EBOX, mtoa huduma mdogo wa Quebec. Mwaka huo huo Quebecor ikainunua VMedia, na Bell ikaichukua Distributel. Mwaka 2023 Cogeco ikainunua Oxio. Karibu wote hawa walikuwa wakikodi laini za makampuni ya aina ile ile iliyokuja kuwameza. Mteja wa Montreal aliyemhama Bell kwa hasira akaenda EBOX alijikuta amerudi Bell bila kutia saini popote. CRTC ilianza kurekebisha baadaye: Novemba 2023 iliwafungulia washindani nyaya za faiba zinazoingia majumbani katika Ontario na Quebec, na Agosti 2024 ikapanua agizo hilo nchi nzima kuanzia Februari 2025, huku faiba mpya itakayojengwa na wakubwa ikisamehewa kwa miaka 5 ili wasiache kujenga. Ni mpango wenye busara. Kwa waliokwisha kuuzwa umechelewa.

Wakubwa wana hoja moja nzito ambayo sitaki kuipita juu juu. Wanasema: sisi ndio tuliochimba barabara, tukalipa vibali vya kaunti au halmashauri, tukabeba hatari ya mtaa kukataa kununua, mkitulazimisha kukodisha kwa bei ya hasara, mtaa unaofuata hatuchimbi. Ni kweli. Bei ya jumla iliyo chini ya gharama inaua ujenzi kama vile iliyo juu mno inavyoua ushindani. Lakini hoja hii inahitaji hesabu, na hesabu ndizo huwa zinafichwa. Msimamizi asiye na wahasibu wa kutosha wa kuingia kwenye vitabu vya kampuni kubwa ataishia kuamua kwa kelele, na katika kelele mkubwa ana mawakili wengi zaidi.

Siku hizi Nairobi, Dar es Salaam na Kampala, lango jingine limeota mlangoni mwa jengo. Msanidi anajenga ghorofa 12, kampuni moja inamlipa ili iingize faiba peke yake, na mpangaji anayehamia anaambiwa na mlinzi kwamba hapa inaingia kampuni fulani tu. Soko lote la nchi linaweza kuwa na watoa huduma wengi, na kwa mpangaji huyo yupo mmoja. Marekani, ambako desturi hii ilikomaa zamani, msimamizi FCC alipiga marufuku mwaka 2022 mikataba ya kugawana mapato inayoipa kampuni moja upekee ndani ya jengo la wapangaji wengi. Sioni kwa nini sisi tusifanye hivyo wakati majengo mengi bado yako kwenye michoro. Njia ya nyaya ndani ya jengo ingejengwa mara moja, pamoja na bomba la maji na njia ya umeme, na kila mwenye leseni angeruhusiwa kupitisha kebo yake kwa ada moja iliyobandikwa ukutani. Sharti hilo lingeingia kwenye kibali cha ujenzi, kwenye meza ile ile ambapo msanidi anaulizwa leo kuhusu ngazi za dharura na maji taka, na mkaguzi angeliangalia kabla ya kutoa cheti cha kuhamia.